Baba Aliyekimbia na Baba Aliyechelewa

SOMO LA WIKI

Soma: 2 Samweli 13, 14 na 18, Luka 15:11-32
Mstari wa kukariri: Zaburi 103:13

Wapendwa, somo la wiki hii linawalenga akina baba. Lakini mama, usiweke karatasi hii chini, na wewe kijana, usimpitishie mzee halafu ukaenda zako. Kila mmoja wetu ana baba aliyemzaa, awe alimlea au hakumlea, na sote tuna Baba aliye mbinguni.

Tuanze na swali moja. Ukifika nyumbani jioni, bodaboda ikasimama hapo nje, watoto wako wanafanya nini? Kuna nyumba ambapo watoto wanakimbilia mlango. Kuna nyumba nyingine mmoja anasema, "Mzee amekuja," TV inazimwa, kila mtu anatafuta mahali pa kwenda. Mdogo anajifanya amelala na ni saa moja tu. Baba anaingia, anakuta sebule ni yake peke yake, anafikiri hiyo ni heshima. Ndugu yangu, si kila kimya ni heshima. Kimya kingine ni woga.

HURUMA NI NINI?

Fungua Zaburi 103, mstari wa 13 na 14. Pale Mungu anafananishwa na baba anayewahurumia watoto wake. Kisha mwandishi anatupa sababu: Mungu anajua tulivyoumbwa, hasahau kwamba sisi ni mavumbi. Umeona? Huruma inaanza na kujua. Baba mwenye huruma anajua mtoto wake ni mtu wa aina gani, anaogopa nini, anaweza nini na bado hawezi nini. Hamdai mtoto wa miaka kumi akili ya mtu wa arobaini.

Halafu huruma haiishii moyoni. Katika Luka 15:20 yule baba alimwona mwanawe angali mbali, akamhurumia, akakimbia. Hesabu mambo matatu hapo: macho, moyo, miguu. Wengi wetu tuna macho, tunaona mtoto ameharibika. Wengi tuna moyo pia, tunaumia usiku tukiwa peke yetu. Shida iko kwa miguu. Miguu haiendi.

Sasa sikiliza. Hiyo Zaburi 103 imeandikwa jina la Daudi juu yake. Na Daudi huyo huyo, mtu aliyeupendeza moyo wa Mungu, ndiye Biblia inayemtumia kutuonyesha baba ambaye miguu yake ilichelewa. Simsemi kwa kumdharau. Biblia haikuficha habari zake ili mimi na wewe tujifunze mapema.

1. DAUDI ALIKASIRIKA, AKANYAMAZA

Habari inaanza vibaya katika 2 Samweli 13. Amnoni, mtoto wa kwanza wa Daudi, alimnajisi Tamari, dada wa Absalomu. Mstari wa 21 unasema mfalme alipopata habari alikasirika sana. Halafu? Tafuta mstari unaosema Daudi alimwita Amnoni akamhukumu. Haupo. Tafuta mstari unaosema alienda kumwona Tamari. Haupo. Tamari alibaki ukiwa katika nyumba ya kaka yake. Miaka miwili ikapita, baba kimya, na Absalomu akaamua kuifanya kazi ambayo baba yake hakuifanya. Akamuua Amnoni.

Hapa niseme wazi, kwa sababu jambo hili liko kwetu. Binti akiumizwa, hata kama aliyemuumiza ni mjomba, ni jirani, ni mtu wa kanisa, huruma ya baba si kukasirika ndani ya nyumba. Na haimalizwi na wazee chini ya mti kwa mbuzi wawili ili jina la familia lisiharibike. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, kabla hajaoga, na nguo zake zisifuliwe. Piga ripoti polisi. Kenya tuna Sheria ya Makosa ya Kijinsia tangu mwaka 2006. Kuna simu ya watoto, nambari 116, unapiga bila malipo. Na baada ya hayo yote kaa karibu na binti yako, ajue kwamba baba yuko upande wake. Tamari hakusikia neno hilo kwa baba yake. Usimnyime wako.

2. DAUDI ALIMTAMANI MWANAWE, LAKINI AKAMFUNGIA MLANGO

Absalomu alikimbilia Geshuri, kwa babu yake mzaa mama, akakaa huko miaka 3. Mwisho wa sura ya 13 tunaambiwa moyo wa Daudi ulikuwa unamtamani. Baba anampenda mtoto! Lakini hakutuma mtu. Ilibidi Yoabu atafute mwanamke mwenye akili kutoka Tekoa aje kumzungusha mfalme kwa hadithi ndipo akubali kijana arudishwe.

Na aliporudishwa, soma 14:24. Mfalme alitoa amri kwamba Absalomu aende nyumbani kwake, asiuone uso wa mfalme. Mstari wa 28 unasema alikaa Yerusalemu miaka 2 mizima bila kuuona uso huo. Jumlisha na ile 3 ya Geshuri. Miaka 5! Mbili kati ya hiyo mtoto yuko mji mmoja na baba yake. Labda anasikia tarumbeta za ikulu kutoka kwake.

Mtoto asiyeonwa atafanya nini? Absalomu alimwita Yoabu mara mbili, Yoabu akakataa kuja. Basi akachoma shamba la shayiri la Yoabu. Ndipo watu wakaja mbio. Mzazi, ukiona mtoto anachoma shayiri, uliza pia ni mara ngapi aliita kabla ya kuwasha moto. Simaanishi kwamba kosa si kosa. Shamba la watu limeungua na lazima lilipwe. Lakini moto huwa una historia.

Sasa tazama 14:33, siku walipokutana. Absalomu akainama uso mpaka chini, naye akapigwa busu. Lakini angalia anayebusu anaitwaje. Mstari huo wote unasema mfalme, mfalme, mfalme. Neno baba halimo. Alipokelewa na ofisi. Baada ya hapo sura ya 15 inamkuta amesimama kando ya njia ya lango, anawasikiliza watu wenye kesi, anawaambia hakuna wa kuwasikiliza kwa mfalme. Alikuwa anasema jambo alilolijua.

Mwisho wake mnaujua. Vita katika msitu wa Efraimu, kichwa kimekwama kwenye mwaloni, mikuki ya Yoabu. Na Daudi anapanda chumba kilicho juu ya lango, analia. Katika 18:33 anamwita "mwanangu" mara 5 katika mstari mmoja. Mara tano! Neno ambalo kijana angefurahi kulisikia mara moja tu, siku ile ya busu, sasa linasemwa mara tano na hayupo wa kuitika. Waswahili walisema majuto ni mjukuu. Wapendwa, tumehudhuria mazishi ya namna hii. Baba anashika maikrofoni kando ya kaburi anasema jinsi alivyompenda kijana wake, na watu wote wanajua hawakuwa wakiongea.

3. BABA ALIYEKIMBIA

Tuje Luka 15. Yesu anasimulia habari ya baba mwenye wana wawili. Mdogo ameomba urithi baba angali hai, ameumaliza, amefika kulisha nguruwe. Anarudi akiwa ametayarisha maneno ya kusema.

Kwanza, baba alikimbia. Mzee mwenye boma, mwenye watumishi, hakimbii barabarani. Hata kwetu mzee anatembea, vijana ndio wanaokimbia. Huyu alikimbia mbele ya watu, aibu ikamwangukia yeye badala ya kumwangukia kijana.

Pili, hakumwacha amalize. Linganisha mstari wa 19 na wa 21. Kijana alipanga kuomba awekwe kama mmoja wa vibarua. Alipofika kusema, alisema kosa lake, lakini ile sehemu ya kibarua haikutoka. Baba alishaanza kuita watumishi. Kukiri kosa aliruhusu. Kujiita kibarua hakuruhusu.

Tatu, alisema upesi. Joho, pete, viatu, vyote upesi. Daudi alimweka wake miaka miwili nje ya uso wake. Baba huyu hakumweka hata dakika mbili.

Nne, alitoka mara ya pili. Hili tunalisahau. Mkubwa alikasirika akakataa kuingia, na mstari wa 28 unasema baba alitoka akamsihi. Mtoto mtundu alikimbiliwa, na mtoto mzuri pia akatokewa nje. Huyu mkubwa anapojibu, hamwiti "Baba," na ndugu yake anamwita mwana wako. Sisi tunaijua lugha hiyo vizuri. Mtoto akipita mtihani ni "mtoto wangu." Akianguka, baba anamgeukia mama, "Mtoto wako amefanya nini tena?" Yule baba alirekebisha pole pole: ni ndugu yako. Jamaa ni mmoja. Amina?

4. HURUMA SI KUDEKEZA

Najua kuna baba anasema, "Mchungaji, ukiwaonea huruma hawa watoto wa siku hizi watakukalia kichwani." Tusikilizane. Eli katika 1 Samweli 3:13 alihukumiwa kwa sababu alijua uovu wa wanawe na hakuwazuia. Daudi mwenyewe, katika 1 Wafalme 1:6, imeandikwa kwamba hakuwahi kumuudhi mwanawe Adonia hata kwa kumuuliza kwa nini amefanya hivi. Adonia naye akajitangaza mfalme. Kwa hiyo Daudi aliyemfungia mlango Absalomu ndiye aliyemwachia Adonia kila kitu. Kwa wote wawili kuna kitu kimoja kilikosekana: baba hakukaa chini na mtoto akauliza.

Waebrania 12 inasema Mungu huwarudi wale anaowapenda, kwa faida yao. Kwa faida yao, si kwa kupunguza hasira zake. Hapo ndipo pa kujipima. Ukimrudi mtoto ukiwa umetoka kukosana na bosi wako, au umetoka kuombwa deni dukani, huyo hujamrudi, umemtua mzigo wako. Waefeso 6:4 na Wakolosai 3:21 zinawaambia akina baba moja kwa moja wasiwachokoze watoto, maana watakata tamaa. Baba wa huruma anaweka sheria, anazisimamia, na mtoto anajua kesho asubuhi bado ni mtoto wa nyumba hii.

USHUHUDA

Siwahubirii kitu ambacho hakijanipata. Miaka michache iliyopita kijana wangu wa pili alirudishwa kutoka shule ya bweni pamoja na wenzake, kwa vurugu zilizotokea usiku. Barua ilisema arudi na mzazi baada ya wiki mbili. Nilipoisoma nilikumbuka ng'ombe niliyemuuza kulipa karo ya muhula ule.

Sikumpiga. Nilijisifu kabisa kwamba sikumpiga. Lakini pia sikumsemesha. Maneno yangu yalipitia kwa mama yake. "Mwambie mtoto wako akakate majani." "Muulize mtoto wako kama amekula." Siku kumi na moja, nyumba moja, chupa moja ya chai. Na katika siku hizo nilihubiri na kuongoza maombi ya Jumatano, na watu wakasema ibada ilikuwa na moto.

Siku ya kumi na mbili nilikuwa natayarisha somo, nikafika 2 Samweli 14:28. Kijana wangu hakuwa Geshuri. Alikuwa chumba cha pili. Nilikaa karibu nusu saa nikitafuta andiko lingine la kuhubiri. Mwishowe nikaamka nikaenda kwenye mlango wake, nikiwa na hotuba yangu kichwani. Nikamkuta amekaa kitandani, begi liko miguuni, limefungwa.

Nikauliza, "Hilo begi ni la nini?"

Akasema, "Nilikuwa niondoke kesho kabla hujaamka. Niende Nairobi, nitafute kazi ya mjengo."

Nikauliza kwa nini. Akanijibu bila kuniangalia, "Baba, wewe ulishaniondoa. Mimi nilikuwa nabeba nguo tu."

Hotuba iliisha. Nilikaa chini kwa sakafu, maana miguu ilikosa nguvu, nikamwambia, "Nisamehe kwa hizi siku kumi na moja." Tulilia wote wawili. Kisha nikamuuliza usiku ule bwenini kulitokea nini, naye akaniambia, na mengine sikuyapenda. Tulirudi shuleni pamoja. Alikubali sehemu yake mbele ya walimu, akapewa adhabu yake, na likizo iliyofuata alifanya vibarua kulipia sehemu ya hasara. Mimi sikumlipia. Lakini hakuibeba adhabu hiyo peke yake. Leo nashukuru Mungu kwa mstari ule, kwa sababu ningengoja usiku mmoja zaidi ningekuta kitanda kitupu.

NENO KWA KILA BABA

Kwa baba anayefanya kazi mbali, Mombasa au Qatar au kwingine, familia iko kijijini: tunakushukuru kwa kujituma, na pesa ya M-Pesa inafika. Lakini ule ujumbe wa pesa haumuulizi mtoto, "Uko aje?" Piga simu uongee naye, na maswali ya ripoti fomu yaje mwisho.

Kwa baba ambaye hana kitu: najua unachelewa kurudi kwa sababu unaogopa kuulizwa karo. Rudi nyumbani. Yule mtoto anaweza kuvumilia kukosa viatu vipya. Kukukosa wewe ni kitu kingine. Katika Kumbukumbu la Torati 1:31 Musa anawakumbusha Israeli kwamba Mungu aliwabeba jangwani kama mtu anavyombeba mwanawe. Kubeba hakuhitaji mshahara.

Kwa baba aliyezaa na hakai na mtoto: Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 53, inasema mama na baba wana wajibu sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au hawajaoana. Hiyo ni sheria ya nchi. Kwa aliyeokoka, sheria ni mahali pa kuanzia tu.

Na kwa mama unayelea peke yako, na kijana usiye na baba: Zaburi 68:5 inamwita Mungu baba wa yatima. Wanaume wa kanisa hili, mjomba, babu, baba wa kambo, mwalimu wa Sunday school, Mungu akitaka kuwa baba wa yatima mara nyingi anatumia miguu yenu.

FANYA WIKI HII

Jumatatu hadi Jumatano: kila siku mwangalie mtoto mmoja usoni, umuulize swali moja lisilohusu masomo wala kazi. Halafu nyamaza usikilize mpaka amalize.

Alhamisi: kama kuna mtoto mliyenyamaziana, andika ni tangu lini. Usilale kabla hujampigia au hujagonga mlango wake. Usingoje Yoabu.

Ijumaa: kama ulimkosea, omba msamaha kwa kutaja kosa lenyewe. "Kama nilikukosea" si msamaha.

Jumamosi: kuleni pamoja, simu zote ziwekwe mbali, na wewe baba uwaombee watoto kwa majina yao, wakisikia.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Katika macho, moyo na miguu, mimi nimepungukiwa wapi?
2. Kwa nini ilikuwa rahisi kwa Daudi kumlilia Absalomu aliyekufa kuliko kuongea naye akiwa hai?
3. Baba wa Luka 15 alitoka kwa wana wote wawili. Katika nyumba yetu ni mtoto gani "mzuri" ambaye hatujawahi kumtokea nje?
4. Kanisa letu lifanye nini binti akija kusema ameumizwa?

SALA

Baba wa mbinguni, ulituona tungali mbali ukatujia. Utusamehe sisi akina baba kwa milango tuliyofunga na maneno tuliyotuma kwa watu wengine. Waponye watoto waliongojea uso wetu. Utupe miguu leo, kabla hatujapanda kulia juu ya lango. Katika jina la Yesu Kristo. Amina.